Shukrani kwa kaka wa Mnazi Mmoja, Lindi

Kaka uliyekuwa na Hilux nyeupe pale Mnazi Mmoja, njia panda ya kwenda Masasi, jina lako sikulipata. Asante sana.

Subaru yangu ya tabo ilikuwa inagonga kila nikikanyaga mafuta mlimani, mlio mkavu kama changarawe kwenye kopo. Plagi mpya hazikusaidia. Wewe uliiacha safari yako, ukasikiliza injini, ukauliza kitabu cha gari kinasema okteni ngapi, yaani kipimo cha petroli kustahimili isijilipukie yenyewe. Kinasema 91. Ukakigeuza, ukanionyesha kuwa kimechapwa kwa soko la Marekani, na kule wanaandika wastani wa vipimo viwili vya okteni, RON na MON. Kwa hiyo 91 yao ni kama 95 au 96 kwa RON, kipimo tunachotumia huku.

Halafu ukaeleza taratibu: tabo inashindilia hewa, joto na mgandamizo vinapanda, na petroli ya okteni ndogo inajilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Pistoni ndizo zinazoumia. Kilichonigusa zaidi ni ukweli wako, maana hukuniambia okteni kubwa ni dawa ya kila gari. Toyota IST ya mke wangu, ulisema, iendelee na petroli yake ya kawaida, hakuna nguvu itakayoongezeka.

Sasa nauliza RON kituoni kabla ya kujaza, na nimepanda milima hadi Mtwara bila mlio. Umeniokolea injini, kaka. Mungu akuzidishie, wewe na nyumba yako.