Asante, mama uliyetufundisha kuuliza

Mama, ulitembelea darasa langu, ukaondoka kabla sijakuuliza jina. Mvua ilikuwa imeanza, nami nikabaki mlangoni na chaki mkononi. Basi nakushukuru hapa, mbele ya watu wa Goma.

Ulifungua mfuko wako ukawaonyesha watoto kurasa za kitabu chako, zimefutwafutwa kwa kalamu nyekundu. Darasa zima kimya. Kumbe hata mwandishi hufuta!

Kisha ukawatoa nje hadi barabarani wakapime kwa kamba chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Mtoto mmoja aliandika: "Chukudu ni nzuri sana." Ukamuuliza taratibu, "Umeona nini?" Akarudi, akachuchumaa kando ya gurudumu, akaandika: "Gurudumu ni la mbao. Limevishwa kipande cha tairi kuukuu, kimepigiliwa misumari 14." Misumari hiyo aliihesabu mara mbili, nilimwona.

Siku hizi binti mmoja anamhoji nyanya yake juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoingia mjini Januari 2002. Aliyoyaona nyanya anayaandika upande mmoja, aliyoyasikia kwa watu upande wa pili. Mimi sikumfundisha hilo, mama. Ni wewe.

Ukipita tena Goma, karibu darasani. Binti huyo ana maswali yanayokungoja.