Simu ya usaili ikikupita, usikae kimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalowagusa wasomaji wengi wanaotafuta kazi, na vilevile waajiri wanaowatafuta. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwapigia simu waombaji walioteuliwa kwa usaili, hadi nilipostaafu. Kilichonisukuma kuandika ni binti wa dada yangu, ambaye hivi karibuni alikuta namba asiyoijua imempigia mara mbili akiwa hana habari, akaja kutambua jioni kwamba ni ofisi aliyoiomba kazi, kisha akakaa siku nne bila kufanya lolote kwa kuwa aliona ameshajiharibia. Niliumia kumsikia, kwa sababu najua mambo yanavyokwenda upande wa pili wa simu.

Mbele yangu huwa palikuwa na karatasi yenye majina, namba za simu na safu ya mwisho iliyoachwa wazi. Ambaye hakupokea nilimwandikia neno "hapokei" kwa penseli, nikaenda kwa jina linalofuata, na mchana nikamrudia. Nasema kwa penseli kwa sababu neno lile liliandikwa ili lifutike. Halikuwa na maana kwamba mwombaji ni mzembe au hana haja na kazi, na sikumbuki hata mara moja ambapo jopo la usaili liliuliza nani alichelewa kupokea simu. Lililomwondoa mtu ni kufungwa kwa orodha. Siku ya pili au ya tatu ratiba ilipaswa kukamilika, na pengo lililobaki likajazwa kwa jina la akiba. Aliyepiga saa moja baadaye alikuta nafasi yake ikimsubiri, na aliyepiga siku ya tano alikuta jina la mwenzake limeshaandikwa kwa wino.

Ndiyo maana nasema kosa la kukosa simu ni dogo, na ukimya unaolifuata ndio mkubwa. Simu hupita kwa sababu nyingi zisizo na aibu yoyote: mtu yuko kazini, yuko garini, mtandao umekatika, au chaji imekwisha. Wengine simu zenyewe huwanyima taarifa. Simu za iPhone, tangu toleo la iOS 13 la mwaka 2019, zina mpangilio wa kunyamazisha wapigaji wasiojulikana, hivi kwamba namba ambayo hukuihifadhi wala hujawahi kuipigia haiiti kabisa, inaonekana tu baadaye katika orodha ya simu zilizopigwa. Anayesubiri kuitwa kwenye usaili angefanya vema kuuzima mpangilio huo kwa wiki chache, na kupekua kila siku folda ya barua taka, ambako mialiko ya usaili wakati mwingine huishia.

Sasa, ufuatiliaji wenyewe. Mwombaji akipiga namba iliyompigia, mara nyingi simu hupokewa na mtu wa mapokezi ambaye hajui ni nani kati ya wafanyakazi wote alipiga. Hapo wengi hukwama, wakasema tu "nimekuta simu yenu", wakajibiwa kwamba hakuna anayefahamu, wakakata. Kabla ya kupiga, uwe na vitu vitatu mkononi: jina lako kamili kama ulivyoliandika kwenye maombi, jina la nafasi uliyoomba, na saa uliyopigiwa. Kisha uombe kuunganishwa na ofisi ya rasilimali watu. Ikiwa namba ilifichwa, au simu haipokewi, andika barua pepe kwa anwani iliyotajwa kwenye tangazo, siku hiyohiyo. Nilimwandalia mpwa wangu maneno ya namna hii, nami nayaweka hapa, yakiwa ya kutumwa siku hiyohiyo ya simu, kwa atakayeyahitaji:

"Naitwa (jina kamili), niliyeomba nafasi ya mtunza stoo. Leo saa 5:20 asubuhi nilipigiwa simu kutoka ofisi yenu na sikuweza kuipokea. Naomba radhi kwa usumbufu. Bado naihitaji sana nafasi hii. Napatikana leo kuanzia saa 8:00 mchana, au kesho wakati wowote kabla ya saa 6:00 mchana, kwa namba hii. Nitashukuru mkinijulisha muda unaowafaa."

Ujumbe huo haumsimulii mwajiri kisa kizima cha siku ile, wala haumwachii kazi ya kutafuta huyu ni nani na anapatikana lini. Niliwahi kupokea barua za kurasa mbili za kujieleza, na kwa haki kabisa niliwahurumia walioziandika, lakini bado ilinibidi nipige simu nyingine kuuliza anapatikana saa ngapi.

Hali ni nzito zaidi pale usaili wa simu ulipokuwa umepangwa na mwombaji hakuwepo. Hapo mtu amekaa kukusubiri, pengine watu watatu, kwa hiyo anza kwa kuomba radhi, eleza sababu kwa sentensi moja ya kweli, kisha uombe miadi mingine. Usiseme ulikuwa mgonjwa kama hukuwa. Chanzo kimoja cha makosa haya ni saa zenyewe. Mwaliko ulioandikwa kwa Kiswahili "saa 10:00" bila kutaja asubuhi wala jioni, mmoja huusoma kuwa saa kumi ya alasiri na mwingine kuwa saa nne ya asubuhi, na nimewaona waombaji wawili wakipotea kwa mwaliko uleule. Kwa mwajiri aliye ng'ambo kuna jambo jingine: nchi nyingi za Ulaya hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ilhali sehemu kubwa ya Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, hivyo tofauti ya saa uliyoihesabu mwezi uliopita huenda si ya leo. Ukipata mwaliko, jibu kwa kuitaja saa kama ulivyoielewa, nao watakusahihisha mapema.

Kuhusu mara ngapi ufuatilie, maoni yangu ni simu moja na ujumbe mmoja siku ya kwanza, kumbusho moja baada ya siku mbili za kazi, na la mwisho baada ya wiki. Kupiga kila nusu saa kunamchosha yuleyule unayetaka akusaidie.

Nimewahimiza watu wapige, lakini lazima niwatahadharishe pia. Kuna utapeli ambao Wajapani waliupa jina wangiri, yaani kuita mara moja na kukata: namba ya nchi ya mbali hukupigia kwa sekunde moja, nawe ukiirudia unatozwa gharama kubwa. Kwa hiyo namba yenye msimbo wa nchi ambako hukuomba kazi usiirudie. Iandikie ofisi uliyoiomba. Na yeyote anayedai fedha ili akurudishe kwenye orodha ya usaili si mwajiri. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kimsingi unawakataza hata mawakala binafsi wa ajira kuwatoza wafanyakazi ada.

Mpwa wangu alipeleka ujumbe wake siku ya tano. Walimjibu kwa heshima kwamba orodha imefungwa, na kwamba siku ya pili ingewezekana. Jibu hilo limemuuma, nami pia, lakini hapo sipendi lawama zote zimwangukie yeye. Ofisi ile ilipiga mara mbili kwa namba isiyojulikana na haikuacha hata ujumbe mfupi wa mstari mmoja, unaosema ni nani amepiga, kwa kazi gani, na orodha inafungwa lini. Ujumbe wa namna hiyo huandikwa kwa dakika moja, na katika miaka yangu ya mwisho kazini niliutuma kwa kila jina lililokuwa na neno "hapokei". Wengi walirudi siku hiyohiyo.

Kwa kuwa matangazo ya kazi hupita katika kurasa zako, Ndugu Mhariri, ninaomba uwashawishi wanaotangaza waongeze mstari mmoja chini ya tangazo: namba watakayoitumia kuwapigia waombaji, na wiki ambayo simu hizo zitapigwa.

Wako mtiifu,
Afisa ajira mstaafu