Siku 3 za baba zinaishia nje ya wodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya likizo ya uzazi kwa sisi akina baba.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Binti yangu Neema alizaliwa 2021 nikiwa nimeajiriwa kwenye ujenzi kule Mtumba. Mama yake alijifungua kwa upasuaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84, au 100 akijifungua pacha. Baba anapewa zisizopungua 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwajiri alinipa zangu bila usumbufu. Zote ziliishia kwenye benchi nje ya wodi, chupa ya uji mapajani, nasubiri saa ya kuona wagonjwa. Siku waliyoruhusiwa nilikuwa juu ya kenchi, nachomelea.

Jioni nikamkuta mama mkwe ameshika nyumba. Niliponyoosha mikono nimpokee mtoto akasema, "Baba Neema, acha kwanza, shingo bado laini." Alikuwa sahihi, sikujua kumshika. Shida ni kwamba sikujifunza tena. Natoka alfajiri amelala, narudi amelala. Mama mkwe naye alipoondoka, mke wangu akaanza kuinama kufua nepi, mshono ukafumuka. Mimi niko kazini. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mdogo wake alizaliwa Juni 2024, mkataba wangu umekwisha na kazi nyingine sijapata. Fedha ilitubana sana, lakini nilikaa nyumbani miezi 4. Baridi na upepo wa Dodoma wa miezi ile mnaujua. Alfajiri nawasha jiko la mkaa nje, napasha maji, namwogesha ndani mlango umefungwa, mkono wa kushoto chini ya shingo ile ile niliyokuwa naiogopa. Akishanyonya namweka begani, namsugua mgongo mpaka apige mbweu. Mwanzoni mke wangu ndiye aliyekuwa akiniambia, "Hiyo si njaa baba, ni tumbo, mgeuze." Baada ya wiki tatu nikawa nageuza kabla hajasema.

Kliniki ya chanjo ya wiki 6 nilimpeleka mimi. Muuguzi akauliza, "Mama yake anaumwa?" Nikamjibu amelala, usiku hakupata usingizi.

Sisemi baba ni sawa na mama. Sikubeba mimba miezi 9, sikupasuliwa, na mtoto akitaka ziwa usiku sina cha kumpa. Lakini mengine yote yanafundishika, na yanafundishika kwa kukaa na mtoto.

Bunge linakutana hapa hapa Dodoma. Nawaomba waheshimiwa wakitazame kifungu hicho: baba apewe japo siku 14, na kama mama amepasuliwa, siku za baba zianze kuhesabiwa mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Sasa nimepata kazi tena. Nikifungua geti jioni, yule mdogo anakuja mbio mikono juu. Neema nampenda vile vile, na najitahidi kwake kila siku. Lakini akianguka akaumia, bado ananipita mimi anamfuata mama yake jikoni.

Baba Neema,
Nkuhungu, Dodoma