Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vijana na Historia Isiyoandikwa

Ndugu wanachama,

Mapato, matumizi na mabadiliko ya kamati yamo katika taarifa za mweka hazina na katibu, nami sitayarudia. Yangu ni kazi iliyobeba uzito wa mwaka huu: kuwasaidia vijana wa miaka 13 hadi 19 kuchunguza na kuandika insha za mashindano kuhusu historia ya mahali wanapoishi, ile isiyofika vitabuni kwa kuwa haina mfalme wala vita.

Kwamba vijana wanaiweza kazi hii, hilo limekwisha kuthibitika. Ujerumani ina shindano la historia la vijana tangu 1973, na linawataka washiriki kuchunguza mazingira yao wenyewe. Marekani, National History Day, shindano la historia la wanafunzi, ilianzia Cleveland mwaka 1974 kwa juhudi za Profesa David Van Tassel. Mfano wa Anna Rosmus, kijana wa Ujerumani, ndio unaotufundisha zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianza kuchunguza mji wake wa Passau ulivyokuwa wakati wa utawala wa Nazi, kwa ajili ya insha ya mashindano. Uwezo alikuwa nao. Alichonyimwa ni majalada, hadi akaenda mahakamani kudai haki ya kuyasoma. Kwa hiyo msaada wa kwanza ambao chama chochote kinaweza kumpa kijana ni ruhusa: barua ya utambulisho yenye muhuri, inayotaja jina lake, mada, aina ya nyaraka anazozitafuta, na mtu mzima anayemdhamini. Barua iende kabla ya kijana. Akifika mikono mitupu, karani atamwambia arudi na mwalimu, na wengi hawarudi tena.

Kosa linaloua insha nyingi hutokea siku ya kwanza, kwenye uchaguzi wa mada. “Historia ya mji wetu” haiandikiki kwa maneno 2,000. Itakuwa orodha ya viongozi na majengo. Mada iwe na mahali pamoja, kipindi kisichozidi miaka 20 au 30, na swali linalojibika kwa ushahidi. Kwa nini kituo cha treni kilifungwa, na wafanyakazi wake walikwenda wapi? Nani walilipa ujenzi wa shule ya kwanza ya wasichana, na nani walipinga? Kabla mada haijakubaliwa, kijana ataje vyanzo viwili vya aina tofauti anavyoweza kuvifikia, kwa mfano msimulizi mmoja na daftari moja. Asipoweza, swali libadilishwe mapema. Kulibadilisha katikati ya kazi humvunja moyo.

Mahojiano ndiyo sehemu wanayoipenda, na ndiyo inayoharibika kirahisi. Ridhaa hutangulia: msimulizi aelezwe sauti yake itahifadhiwa wapi, nani ataisikiliza, na kwamba anaweza kuzuia sehemu au jina lake. Atie sahihi, au aikubali ridhaa kwa sauti mwanzoni mwa rekodi. Mzazi au mlezi wa kijana naye atie sahihi yake, na mahojiano ya nyumbani kwa mtu yafanywe na watu wawili.

Simu inatosha kurekodi, lakini iwekwe kwenye hali ya ndege, maana simu ikiingia rekodi inaweza kukatika pasipo mtu kujua. Iwekwe umbali wa shibiri moja au mbili kutoka kwa msimulizi, juu ya kitambaa, mbali na feni na dirisha la barabarani. Rekodi ya WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, mikondo miwili, hula takribani gigabaiti 1 kwa saa. Nafasi ikaguliwe kabla ya kutoka nyumbani. Dakika 60 hadi 90 zinatosha kwa kikao kimoja. Zaidi ya hapo mzee huchoka na majibu huwa mafupi.

Swali la “Je, maisha yalikuwa magumu?” huzaa jibu la “Ndiyo.” Swali la “Maji mliyatoa wapi, na nani alitumwa kuyachota?” huzaa ukurasa mzima. Vijana huogopa kimya, wakakimbilia swali linalofuata. Wafundishwe kuhesabu hadi kumi kimoyomoyo, kwa sababu mara nyingi jambo zito hutoka baada ya kimya hicho.

Msimulizi hukumbuka miaka kwa matukio. Kijana aende na jedwali la tarehe zinazojulikana: mafua makubwa ya 1918 na nyotamkia ya Halley ya 1910 kwa yale msimulizi aliyoyasikia kwa wazazi wake, binadamu kutua mwezini Julai 1969, kurudi kwa Halley 1986, chaguzi, mafuriko na kupatwa kwa jua kwa yale aliyoyaona mwenyewe. Kisha aulize: kabla au baada? Msimulizi akikosea tarehe, ushuhuda wake hautupwi. Mtu anaweza kukosea mwaka na bado akakumbuka sawasawa nani alifukuzwa kazi na kwa nini.

Unukuzi ndiko wengi wanakoachia njiani. Saa moja ya sauti kwa kawaida hudai saa 4 hadi 8 za kuandika. Ushauri wetu ni kutengeneza kwanza muhtasari wa kila dakika 5, kisha kunukuu neno kwa neno zile sehemu tu zitakazotumika. Lugha ya msimulizi isisanifishwe.

Kwenye nyaraka: penseli tu, mikono mikavu, picha bila mwanga wa kamera. Picha ya kwanza iwe ya jalada la nje lenye namba. Picha nzuri ya barua isiyojulikana ilitoka faili gani haina thamani katika insha. Kijana aulize pia nani aliandika karatasi ile na kwa faida gani. Leja ya mwajiri haitaandika malalamiko ya vibarua.

Katika kuandika, hatari kubwa tunaileta sisi watu wazima. Mhariri asiguse sentensi, aandike maswali pembeni: “Umejuaje?” “Nani mwingine anasema hivi?” Insha ikisomeka kama ya mwalimu, kijana ameshapokonywa. Programu za kutunga maandishi nazo hubuni vyanzo visivyokuwepo, kwa hiyo kila tanbihi ikaguliwe dhidi ya picha au rekodi yenyewe.

Kazi ikikamilika, nakala 3 zihifadhiwe kwenye vifaa vya aina 2, moja ikae jengo jingine. Nakala ya kwanza iliyochapwa apewe msimulizi, kabla ya majaji.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza ratiba ya wiki 12: 2 za swali, 4 za kukusanya, 2 za unukuzi, 3 za kuandika na 1 ya uhakiki. Tunahitaji wanachama wanaosoma mwandiko wa zamani, wanaojua lugha za majalada ya tawala zilizopita, na walio tayari kukaa na kijana chumba cha nyaraka asubuhi nzima. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu kufungwa.

Mwenyekiti