Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA: Simvastatini kwa Mgonjwa Anayetumia Amlodipini

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania (TMDA),

Mimi ni mfamasia katika duka la dawa la rejareja, na ninakuandikia kuhusu dawa mbili ambazo wagonjwa wengi wa presha na kisukari huondoka nazo kliniki katika mfuko mmoja: amlodipini ya kushusha shinikizo la damu na simvastatini ya kupunguza lehemu (kolesteroli). Zote ni dawa nzuri na za bei nafuu, na kwa mtu aliye katika hatari ya kiharusi mara nyingi zote mbili zinahitajika. Linalonisumbua ni vyeti vya dawa vinavyoendelea kutufikia vikiwa na amlodipini pamoja na simvastatini ya miligramu 40, huku mgonjwa akiwa hajaelezwa lolote.

Simvastatini huvunjwa mwilini na kimeng'enya kilichomo katika ini na utumbo, ambacho wataalamu hukiita CYP3A4. Amlodipini hukipunguzia nguvu kimeng'enya hicho, hivyo kiwango cha simvastatini katika damu hupanda kupita kile daktari alichokusudia. Ndiyo maana mwezi Juni 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza kwamba mgonjwa anayetumia amlodipini asizidishe miligramu 20 za simvastatini kwa siku, na kwa anayetumia verapamili au diltiazemu, ambazo nazo ni dawa za presha, ikaweka kikomo cha miligramu 10. Uingereza nayo ilitoa tahadhari kuhusu amlodipini mwaka 2012.

Dawa hii ikizidi, misuli ndiyo huumia. Katika hali mbaya kabisa misuli huvunjika, protini yake humwagika katika damu, mkojo hugeuka rangi ya chai ya mkandaa na figo zinaweza kushindwa kazi. Hayo hutokea kwa nadra, nami sitaki mtu yeyote aogope dawa zake. Ninachokiona zaidi ni maumivu ya mapaja na mabega ambayo mzee huyahesabu kuwa ya umri au ya jembe, kisha anakuja dukani kuomba diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na kwa bahati mbaya hupewa bila kuulizwa anatumia dawa gani nyingine. Diklofenaki nayo hupandisha presha na kuzielemea figo. Akirudi kliniki presha ikiwa juu, amlodipini huongezwa kutoka miligramu 5 hadi 10, na simvastatini iliyoanzisha maumivu hubaki palepale. Wengine, wakichoshwa na maumivu, huacha dawa zote kimyakimya.

Njia za kuepuka haya zipo. Mgonjwa anayehitaji kupunguziwa lehemu zaidi anaweza kuandikiwa atovastatini, ambayo haiathiriwi sana na amlodipini, au rosuvastatini, ambayo haitegemei kimeng'enya hicho.

Kwa hiyo ninaiomba Mamlaka yako itoe waraka kwa waganga na wafamasia wote, wa serikali na wa binafsi, unaotaja kikomo cha miligramu 20 kwa maneno yasiyo na utata, na unaokumbusha pia kwamba antibiotiki za erithromaisini na klarithromaisini hazipaswi kutolewa kwa mtu anayeendelea kumeza simvastatini. Ninaomba vilevile watengenezaji na waagizaji watakiwe kuweka onyo hilo kwa Kiswahili juu ya boksi, kwa sababu karatasi ya ndani mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazima huzisoma kwa shida. Onyo hilo limwambie mgonjwa kwamba asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake, bali akihisi maumivu ya misuli yasiyo na sababu amweleze daktari au mfamasia, na akiona mkojo umekuwa mweusi aende hospitali siku hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfamasia, Tanga