Usikate bati bado

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika pamoja na picha. Nimecheka peke yangu kukuona umesimama ndani ya bodi huku miguu iko ardhini, kama mtu aliyelivaa gari badala ya kulipanda. Basi sakafu ya hiyo Ford Model A yako umeshaing'oa. Nimefurahi kuona ulichomelea vyuma vya msalaba kwenye nafasi za milango kabla ya kuikata, maana bodi isiyo na sakafu hulegea kama boksi lililolowa, na milango haifungi tena.

Ila ile picha ya pili imenitia wasiwasi. Gari liko juu ya stendi, stendi zimekaa chini ya chasisi, ekseli ya nyuma inaning'inia. Halafu unaniambia kesho kutwa unakata bati la handaki la propela, kile kilima cha katikati ya sakafu kinachofunika shafti ya kupeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka ekseli ya nyuma! Subiri kwanza.

Unakumbuka nilivyokuwa najisifu na handaki langu? Nililitengeneza hivyohivyo, ekseli ikining'inia. Nilipima propela ilipo, nikaongeza vidole viwili juu yake, nikakunja bati, nikachomelea. Lilikuwa jembamba, limelala chini, viti vimekaa vizuri ajabu. Siku ya kwanza kulitoa nilikuwa peke yangu, nikaenda polepole, kimya kabisa. Siku ya pili nikampakia mwenzangu, tukapita tuta. Ndani ya gari kukasikika kishindo kama mtu anapiga sufuria kwa nyundo, na mwenzangu akaruka maana kilitokea chini ya kiti chake. Nikadhani krosi, kile kiungo cha kwenye ncha ya propela, imekufa. Nilipoingia chini na taa nikakuta krosi nzima, lakini kwenye dari la handaki, karibu na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, rangi imekwanguliwa na bati linang'aa, mstari wa urefu wa kiganja. Propela nayo ina mchubuko wa duara kuizunguka.

Ekseli ikining'inia, difu iko chini kuliko itakavyokuwa siku yoyote gari likiwa barabarani. Gari likishuka chini, springi zikibeba uzito, difu inapanda. Ukipakia watu inapanda tena. Ukigonga shimo inapanda mpaka kwenye raba ya kugongea, ile inayoizuia ekseli isigonge chasisi, na propela inapanda nayo. Mimi nilikuwa nimejengea handaki propela iliyolala.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa springi za nyuma kabisa. Weka jeki chini ya difu, uipandishe taratibu mpaka raba iguse. Hapo ndipo unapopimia. Ongeza milimita 25 juu ya propela, na pembeni usibane, maana ekseli haipandi wima tu. Pandisha gurudumu moja peke yake, kisha la pili, uone propela inaelekea wapi. Kama propela yenyewe bado hujaikatisha, tumia bomba la plastiki lenye unene uleule. Mimi nililitumia mara ya pili na lilinifaa sana.

Kabla ya hayo, funga injini na giaboksi kwenye mauntingi zake za kudumu, si juu ya vipande vya mbao. Watu wengi huiacha injini imelala nyuzi 3 hivi kuelekea nyuma, halafu mdomo wa difu, pale propela inapofungwa, nao huinuliwa nyuzi zilezile ili mstari wa injini na wa difu iende sambamba. Usiweke krosi zinyooke kabisa, maana vile visindano vya beringi zake vinahitaji kuzunguka kidogo. Vikikaa sehemu moja vinachimba. Nyuzi 1 mpaka 3 kwenye krosi zinatosha. Ukibadilisha pembe hizi baada ya kujenga handaki, umejenga bure.

Najua utasema gari lenyewe hapo mwanzo halikuwa na kilima chote hiki katikati. Kweli. Ile Ford Model A ya 1928 mpaka 1931 ilikaa juu ya chasisi, mbele miguuni ilikuwa na mbao, na propela ilipita chini kabisa ndani ya bomba lake. Lakini wewe umeishusha bodi mpaka ikaivaa chasisi. Vilivyokuwa chini ya miguu sasa viko kati ya magoti, na lazima uvitafutie nafasi.

Sehemu ya giaboksi ifanye ya kufungua kwa boliti. Nakusihi. Chomelea nati upande wa chini, weka utepe wa raba, ukitaka kutoa giaboksi unafungua mfuniko tu na injini inabaki mahali pake. Acha nafasi ya mkono kufika kwenye plagi ya oili na waya wa spidomita. Kabla hujaamua upana, keti. Weka kiti, weka pedeli, vaa viatu vyako vya kawaida, kanyaga klachi mara ishirini. Mimi nina mguu mkubwa, na handaki la pili lilinilazimisha nisogeze pedeli zote kushoto.

Kielelezo kata kwa kadibodi kwanza. Kadibodi ikikukatalia, bati nalo litakukatalia. Bati la milimita 1.2 linatosha sakafuni. Mbavu zipigwe kabla ya kuchomelea, zinalifanya lisipige kelele. Usitumie mabati yenye zinki, ule moshi wake utakulaza na homa usiku. Piga nukta ndogo za kushikizia, ukiruka huku na kule, uache bati lipoe. Ukichoma mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, sakafu itajikunja kama chapati kwenye kikaango. Panapofungwa mikanda ya viti weka sahani ya milimita 3 chini yake, na ukiweza ifike kwenye chasisi.

Jambo jingine, na hili huwa nabishana na watu: kitanzi cha chuma cha kuizunguka propela. Krosi ya mbele ikikatika, ncha ya propela inaanguka, inachimba barabara, au inazunguka na kupasua sakafu uliyoihangaikia, pale pale ulipokaa. Kanuni za NHRA, wale wa mashindano ya drag kule Marekani, mbio fupi za mstari ulionyooka, hutaka kitanzi cha bapa kiwe na unene wa robo inchi na upana wa inchi 2, ndani ya inchi 6 kutoka krosi ya mbele. Wewe hushindani na mtu, lakini kiweke sasa, wakati handaki liko wazi na mkono unaingia.

Ukishapandisha difu mpaka kwenye raba, niandikie umepata kimo gani kutoka juu ya chasisi mpaka juu ya propela. Kikizidi kile changu, tutajua raba zako ni fupi, na hapo itabidi tuzungumze kuhusu viti.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi, yule uliyemwazima spana kumi na tatu hajairudisha