Dada anaendesha picha

Shikamoo Shangazi,

Ni saa kumi alfajiri na sijapata hata lepe la usingizi, kwa hiyo nisamehe maneno yakigongana. Jana usiku watengenezaji walitoa vipimo kamili vya ile pikapu mpya. Sina haja ya kuitaja, sisi wa magari ya njia mbovu tuna moja tu tunayoingojea. Nimevisoma mara sita. Mara ya saba nimevisomea bafuni, mlango nimefunga, mume wangu asione mwanga wa simu.

Kabla hujanifikiria vibaya, mimi si wa kulilia gari. Nina akili zangu. Kinachoniuma si vipimo. Ni neno alilolisema mdogo wangu mbele ya wenzetu wote: "Dada siku hizi anaendesha picha."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Shangazi, huyo ndiye niliyemwuzia pikapu yangu. Dizeli ya zamani isiyo na turbo, gia za mkono, springi za nyuma zile za vyuma vilivyopangana, zilizokuwa zikilia kama kitanda kibovu. Shokapu nilibadilisha kwa mikono yangu. Difu loki ya nyuma, ile inayolazimisha tairi zote mbili zizunguke pamoja, niliifunga mwenyewe kwa siku mbili, fundi amesimama pembeni ananitazama kama ninayeota, maana kwake mwanamke na difu ni wapi na wapi. Gari lile nilikuwa nikilisikiliza tu najua gurudumu gani limeacha ardhi. Nikampa kwa bei ya undugu. Nilihitaji kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kushika nafasi, cha hii mpya, na walikuwa wamesema inakuja karibuni. Hiyo karibuni leo ina miaka mitatu, na imeahirishwa mara mbili.

Sikuuza kwa tamaa. Nasisitiza hilo kwa sababu mume wangu husema tamaa, na wewe pia ulimwambia hivyo yule mwingine aliyekuandikia kuwa ameuza gari zima akabaki na turubai. Mimi nilikuwa na hesabu. Nina daftari, Shangazi. Tangu siku walipoivua kitambaa jukwaani nimekuwa nikiandika itakavyokuwa: ekseli nzima mbele na nyuma, yaani mhimili mmoja unaoshika magurudumu yote mawili, chesisi ya ngazi, ile fremu ya vyuma inayobeba bodi, difu loki mbili, dizeli, gia za mkono, kitako kifupi nyuma ili isikwangue ikiteremka. Hayo hayakutoka kichwani mwangu peke yake. Ile ya maonyesho ilikuwa imeinuka vile, tairi zimejaa kwenye mabawa vile, ungeiona na wewe ungeandika.

Sasa sikia kilichokuja. Petroli yenye turbo, na mota ya umeme katikati yake na giaboksi. Otomatiki tu. Mbele kila gurudumu linajitegemea. Difu loki ya nyuma ipo, ya mbele ni kwa toleo la juu kabisa peke yake. Chesisi ya ngazi wameibakiza, angalau hilo nilipatia. Bampa limeshuka chini ya nililoliona jukwaani, na ukishusha bampa pembe ya kupandia, ule mwinuko gari linaoweza kuukabili kabla pua haijagusa, umeiua, hakuna cha kujadili.

Nitakuwa mkweli, maana usiku huu sina wa kumdanganya. Gurudumu linalojitegemea si dhambi. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, ukienda kasi, ekseli nzima inakurusha kichwa na usukani unatetemeka mkononi. Watu wanaona haya kulisema hilo. Ila ukifika kwenye mawe makubwa, polepole, ekseli nzima tairi moja likipanda linasukuma la pili chini, linalitafutia ardhi. Na mota ya umeme nayo ina nguvu tangu sifuri, haina haja ya kusubiri turbo iamke. Yote hayo nayajua. Ningeweza kuitetea pikapu hii kwa saa nzima. Nimeitetea miaka mitatu kabla hata haijawa na injini.

Ndipo alipopata hilo neno lake la picha.

Mume wangu ana mfano mmoja na hauchoki. Ananiambia, angalia Cybertruck, ile pikapu ya umeme ya Tesla: ilizinduliwa Novemba 2019, ikaahidiwa mwishoni mwa 2021, wa kwanza wakakabidhiwa tarehe 30 Novemba 2023. Jukwaani ilisemwa ingekwenda zaidi ya maili 500 kwa chaji moja, ilipofika ile ya kwenda mbali kuliko zote ikawa maili 340. Anamaliza kwa kusema, "Mke wangu, gari la jukwaani ni bibi harusi." Sijui hata anamaanisha nini, lakini inaniuma.

Mimi humjibu kwa Jeep. Comanche, pikapu yao ya zamani, ilisimama 1992. Mwaka 2005 wakaonyesha gari la mfano, wakaliita Gladiator, watu wakaruka kwa furaha, kisha kimya. La kweli likaja kuzinduliwa Novemba 2018 kule Los Angeles. Miaka 26 bila pikapu ya Jeep, Shangazi! Waliosubiri walipata ekseli nzima mbele na nyuma, na toleo la Rubicon likaja na difu loki mbili na gia nzito ambayo, kwenye giaboksi ya mkono, injini inazunguka mara 84 ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukiwa na hiyo unaweza kushuka mwamba huku umekunja mikono. Kwa hiyo kusubiri si upumbavu. Au Ranger Raptor, pikapu ya Ford: 2018 ilikuja na shokapu za kampuni ya Fox, kila mtu akazisifu, halafu wakaikuta dizeli ya lita 2.0 chini ya boneti na manung'uniko yakaanza. Mwaka 2022 ikaletwa injini ya V6 ya petroli ya lita 3.0. Mwenye subira wa pili ndiye aliyekula vizuri.

Kwa hiyo labda nisubiri toleo la pili. Lakini nikisubiri tena, ile picha itakuwa na miaka mingapi?

Acha nikueleze siku yenyewe, maana bila hiyo hutanielewa. Tulitoka kundi zima na mimi sina gari, nikapanda kwake. Kiti cha abiria. Miaka yote nimeendesha pikapu ile sikuwahi kujua kwamba dashibodi upande ule ina ufa. Tukafika kwenye korongo, mteremko mkavu, upande wa kulia umeliwa na maji. Nikasikia springi ya nyuma inalia ile sauti yake na nikajua gurudumu la kulia litaning'inia. Nikamwambia, funga difu kabla hujaingia. Unajua mwenyewe, isipofungwa nguvu yote inakimbilia tairi lenye kazi nyepesi, na lenye kazi nyepesi kuliko yote ni lililo hewani. Akasema, "Dada, tulia, hii nimeshaizoea." Akaingia. Tairi likaning'inia, likazunguka bure, likapiga kelele, gari likakita. Nikashuka mimi. Nikachukua koleo mimi, nikapunguza upepo kwenye tairi mimi, nikasimama mbele namwelekeza kwa mikono, kulia kidogo, kushoto, simama. Akatoka. Watu wakampigia makofi yeye.

Jioni tumekaa, wakaniuliza habari za ile mpya nami nikaanza kueleza pembe yake ya kupandia, digrii kwa digrii. Ndipo akalisema. Najua nilikuwa nimejitakia. Huwezi kumwelekeza mtu gari uliyomwuzia halafu ukahubiri gari ambalo halipo. Lakini mdogo wangu, niliyemfundisha klachi nimemkalisha kwenye kiti kilekile!

Hajui kuitunza. Nasema bila wivu. Winchi ameivua, anasema ni nzito na haitumii. Grisi kwenye viungo vya usukani haweki mpaka visikike. Hata mkwaruzo wa mlango wa kushoto, niliouacha makusudi kwa sababu nakumbuka jiwe lenyewe, ameuziba na kuupaka rangi. Ni gari lake, alilipa, na risiti nilimwandikia mwenyewe. Simdai kitu.

Basi shida ni hii. Wametupa mpaka mwisho wa mwezi: ama nithibitishe nafasi yangu kwenye foleni na kuchagua toleo, ama nirudishiwe kishika uchumba changu. Nikithibitisha, ni toleo la juu tu lenye difu loki ya mbele, na hilo ni kubwa kuliko mfuko wangu, na bado litakuwa otomatiki. Nikichukua la kawaida, wenzangu wana daftari langu vichwani mwao, kila mstari nimewasomea wenyewe. Nikijitoa, yeye ndiye aliyeshinda. Mume wangu anasema hakuna mashindano. Kwake ni rahisi, hakuwepo siku ile.

Wakati mwingine nafikiri, ukichukua kile kishika uchumba na ukaongeza kidogo, ni karibu sawa na kile alichonilipa. Nafikiri tu. Simaanishi kitu, na sina mpango wa kumpigia magoti mtu niliyemfuta makamasi.

Kuna jambo moja dogo, huenda nisingeliandika. Jeki ya pikapu ile, ile ndefu ya kuinulia kutoka kwenye bampa, bado iko stoo kwangu. Siku namkabidhi gari nilisahau kuitoa. Sikusahau, Shangazi. Niliificha nyuma ya magunia. Ameiulizia mara tatu na mara tatu nimemwambia naitafuta. Jumamosi anakuja kuitafuta mwenyewe.

Atakuja na gari. Nitausikia mlio wake kabla hajakata kona, na atakaponipa shikamoo nitakuwa nimesimama mlangoni na jeki mkononi. Nimkabidhi tu aende? Au kuna namna ya dada mkubwa kumwuliza mdogo wake jambo kama hilo bila kuonekana nimetoka kwenye picha nikaja kuomba?

Tafadhali usiniambie ninunue jingine lililotumika. Hilo nimeshaambiwa.

Ni mimi niliyekesha.